Bwawa la Roda Limegeuka Chinsaga

Jumapili, 9 Novemba 2025

Namshukuru Mungu nimeamka. Wengi wa rika langu wameamkia upande ule mwingine, na habari zao huzipata redioni.

Nimekunywa chai, nimetoka kukagua bwawa. Kijani! Kijani kama shamba la chai baada ya mvua. Juma lililopita ungeweza kuhesabu kucha za miguu yako ukiwa ndani. Leo nimetia mkono, ukapotea kwenye kiwiko.

Nieleze mambo, maana daftari hili likiokotwa siku nimekufa, watu wapate ukweli kabla jirani yangu Bosire hajawapa wake. Binti yetu Mokeira, daktari wa meno huko Nakuru, alitujengea nyumba hapa Manga, na nyuma ya nyumba akachimba bwawa la kuogelea, mita saba kwa tatu. Si maringo. Ni magoti ya mama yake. Roda amechuma chai miaka arobaini kwenye mteremko huu, na magoti yamechoka kabla ya mwenyewe. Ndani ya maji anatembea kama msichana. Nje anatembea na fimbo na maneno makali. Namshukuru Mokeira kila siku, hasa kwa ile nusu saa ambayo fimbo iko mbali nami.

Maji ni ya chumvi. Kuna mashine ukutani ambayo inaichukua hiyo chumvi na kuigeuza klorini, taratibu, mchana kutwa, bila mtu kunyunyiza dawa. Mimi ndiye Msimamizi Mkuu. Nilijiteua. Shule niliachia darasa la tano, lakini mashine haikuuliza cheti.

Kasoro ya mashine ni moja tu: inakwaruza redio. Na saa saba mchana kuna matangazo ya vifo. Mtu wa umri wangu hakosi matangazo ya vifo. Ni kama kukosa kikao cha marafiki. Kwa hiyo saa saba kasorobo huwa naichomoa mashine kwenye stima, halafu natundika kofia yangu juu yake ili taa iliyozima isimsumbue mtu roho. Pampu ina waya wake, inaendelea kunguruma, nani atajua? Matangazo yakiisha nairudisha. Nikikumbuka. Juma hili sikumbuki kama nilikumbuka.

Hilo halihusiani na ukijani. Ni mvua.

Shida ni Sabato. Jumamosi hii watu tisa wanabatizwa kwenye bwawa letu, na Roda ni mmoja wao. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi, nilinyunyiziwa kichwa nikiwa mtoto na nikaona inatosha. Kwa kina Roda, Wasabato, mtu huzamishwa mwili mzima. Ametamani jambo hili miaka kumi na mmoja. Mara mbili alijaribu mtoni, huko chini ya Manga. Mara ya pili nilimbeba mgongoni. Tulifika nusu ya mteremko, mgongo wangu ukakataa, tukaketi kwenye jiwe tukisikiliza wenzake wakiimba huko chini. Hakulia. Afadhali angelia.

Bwawa letu lina ngazi na chuma cha kushika. Ndiyo maana ubatizo umeletwa huku.

Saa kumi amepita Bosire. Jirani, mzee wa kanisa, rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja na kuna mmoja wetu aliyelia, na si mimi. Ana dimbwi la samaki analoliita bwawa. Ameyaangalia maji yetu kwa furaha kubwa, akauliza kama tunafuga vyura wa kuuza. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji Geoffrey.

Mchungaji amekuja jioni na hukumu. Ijumaa, kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia, atatosa sahani kwenye kina. Akiyaona maua ya sahani, ubatizo uko hapa. Asipoyaona, kanisa zima litahamia kwa Bosire. Na kwa Bosire kingo ni utelezi, na matope yanafika magotini. Fimbo ya Roda itabatizwa kabla yake.

Roda amesikia yote. Amesema tu, "Haya." Nimeishi naye miaka arobaini na tisa. "Haya" yake naiogopa kuliko polisi.

Lakini namshukuru Mungu, kuna siku tano. Dunia iliumbwa kwa sita.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimelala na wazo, nimeamka na dawa. Magadi!

Marehemu mama alitia magadi katika kila kitu kigumu. Maharagwe magumu, magadi. Mahindi makavu, magadi. Mboga sugu, magadi. Chochote kilichomshinda mama, magadi yalikimaliza. Nimemtuma mtu wa bodaboda hadi soko la Masimba, ameleta kilo mbili, za kijivu, safi kabisa. Nimemimina nikizunguka bwawa kama padri na maji ya baraka.

Baada ya saa mbili maji yamebadilika! Sasa ni kijani chenye maziwa. Hata ngazi ya kwanza haionekani.

Roda ametoka na fimbo. Ameuliza nimeweka nini. Nimesema magadi. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mwalimu anayemhurumia mjinga wa darasa, kwa nini wanawake hutia magadi kwenye mboga za majani. Nikasema ili zilainike. Akasema na nini tena. Nikasema sijui, mimi ni mlaji tu.

"Ili zibaki kijani, Baba Mokeira. Zibaki kijani."

Ai!

Bosire alikuwa kwenye ua akijifanya anatafuta kuku wake. Nimeona mabega yake yakitikisika. Kuku hamchekeshi mtu hivyo.

Namshukuru Mungu sikununua kilo nne, kama nilivyotaka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimejaza chupa maji ya bwawa na kwenda Kisii mjini, kwa Istarlin. Huyu ni binti wa Sabir mwenye duka la rangi na mabomba. Baba anauza misumari, binti anauza dawa za maji kwa mahoteli. Amesoma kemia hadi mwisho wake. Ana miwani, ana buibui jeusi, na ana subira ambayo mimi ningeiuza.

Ametia tone jekundu kwenye maji yangu. Yakawa zambarau. Akasema, "Babu, haya si maji, ni sabuni. Pi-echi imepanda mpaka karatasi yangu imeishiwa rangi." Ameeleza kwamba pi-echi ni kipimo cha uchachu; ikipanda hivyo, uchachu umekwisha, na klorini hulala usingizi, hata ikiwepo. Akatia tone lingine, la kupimia klorini. Maji yalitakiwa yawe manjano. Hayakubadilika hata kidogo. Sifuri. Mwisho akatumbukiza kijikaratasi cha chumvi. Chumvi ipo, ya kutosha.

Amevua miwani. Amesema hii ni ajabu: kuni zipo, moto hakuna. Ameuliza kama mashine inafanya kazi.

Nikasema, "Kama ng'ombe wa gredi, maziwa hayakauki."

Ameuliza kama nimeweka kitu kingine. Nikasema kidogo tu. Kidogo gani? Kidogo cha nyumbani. Ameniangalia kwa muda mrefu. Watu waliosoma wana macho ya kuchimba.

Amenipa kidumu cha asidi cha kushusha pi-echi, na glavu ndefu. Masharti: asidi inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, kidogo kidogo, pampu ikizunguka, na nisiongeze kitu kingine chochote. Amerudia hilo la mwisho mara tatu. Halafu akanipa kikombe cha chai ya tangawizi na sambusa mbili kwa sababu, alisema, nafanana na babu yake. Namshukuru Istarlin. Namshukuru na babu yake kwa sura nzuri.

Nyumbani nimekiangalia kidumu vizuri. Kina picha ya fuvu la kichwa. Nimekizungusha. Upande wa pili kuna fuvu lingine.

Nimekifungia stoo. Mke wangu ataingia ndani ya mafuvu? Magoti yale nimeyaoa mimi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefikiri kisomi. Istarlin alisema pi-echi imepanda; kwangu hayo ni magadi yaliyozidi, na dawa yake ni kitu kichachu. Sawa. Nani alisema lazima uchachu utoke dukani?

Na hapa nakumbuka mapishi. Chinsaga ni mboga chungu kuliko zote za Gusii, na kila mtoto wa huku anajua inavyotulizwa: inalazwa kwenye maziwa. Uchungu wote unakwisha. Basi maziwa yaliyochacha yatafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja! Uchachu wa kushusha magadi, na maziwa ya kutoa uchungu. Nimeshangaa mahoteli hayajui.

Lita kumi na tano za maziwa lala, kutoka kwa ng'ombe wetu na wa Nyakerario wa jirani. Nikamwambia Nyakerario nina wageni. Nimemimina saa tatu asubuhi.

Saa tano nzi wamefika. Saa sita paka, sita, sijui wametoka wapi, wameketi ukingoni kwa mstari kama kamati. Juu ya maji kumetanda utando wenye mabonge. Harufu siiandiki, daftari hili ni la shule.

Roda ametoka. Amesimama. Ameangalia magadi ya Jumatatu yakiwa yamekutana na maziwa ya Jumatano, juu ya ukijani. Akasema:

"Umepika chinsaga. Imebaki ugali."

Bosire akapiga kelele kutoka upande wake wa ua kwamba ugali anao, nimwambie tu saa.

Saa kumi Mokeira amepiga simu ya video. Anataka kuliona bwawa kabla ya siku kubwa. Balaa! Nimetoka nje mbio, nikaielekeza simu juu mbinguni. Anga ilikuwa ya bluu, safi. Nikamwambia, ona mwanangu, ona maji ya mama yako.

Akasema yanapendeza. Akasema, lakini Baba, mbona yana wingu. Nikasema ni povu. Akasema, Baba, mbona kuna ndege amepita ndani ya maji.

Nikasema mtandao wa Manga ni mbaya, nikazima.

Namshukuru Mungu kwa mtandao mbaya. Watu huulaumu bure.

Alhamisi, 13 Novemba

Siku ya aibu. Naiandika yote, hata kama mkono hautaki.

Nilimwomba Mchungaji aje kukagua mapema, saa kumi na mbili unusu asubuhi, nikisema mwanga ndio mzuri. Mwanga ulikuwa mbaya, ndiyo maana niliutaka. Kabla hajafika nilichukua sahani ya Roda ya maua mekundu, nikaitoboa pembeni, nikaifunga uzi wa kuvulia samaki, na kuining'iniza kutoka kwenye chuma cha ngazi. Haikufika chini. Ilikuwa imezama shibiri moja tu. Hata katika chinsaga, shibiri moja unaona.

Mchungaji akainama. Akasema, naam, naona maua. Akasema Bwana ni mwema. Roda alikuwa amesimama mlangoni na joho lake jeupe mkononi, bado lina joto la pasi. Akatabasamu. Hilo tabasamu! Nilitamani kumpa sahani ishirini.

Kisha Bosire, ambaye hakualikwa, akasema, "Alfayo, mbona sahani inabembea?"

Nikasema ni mawimbi. Akauliza mawimbi ya wapi, Manga hii. Akanyoosha bakora yake, akauvuta uzi, na sahani ikapanda juu ya maji mbele ya mtumishi wa Mungu, inachuruzika maziwa, inazunguka polepole ili kila mtu aone pande zote.

Mchungaji akakohoa sana. Nafikiri alikuwa anacheka, na namshukuru kwa kukohoa. Lakini alipomaliza akasema kwa huzuni kwamba imebaki kesho tu, na Bosire aanze kutandika nyasi kwenye kingo zake.

Roda hakusema "haya". Alilikunja joho mara nne, akarudi ndani, nikasikia kifuniko cha sanduku kikishuka.

Nimeishi na kelele nyingi. Hiyo siitaki tena.

Nilipanda gari la kwanza la Kisii. Nikamkuta Istarlin anafungua duka. Nikasema yote, nimesimama, kofia mkononi, kama mtoto aliyevunja chungu. Magadi. Maziwa. Fuvu lililofungiwa stoo. Sahani. Na mashine. Nikasema mashine imechomolewa, siku nane labda, kwa ajili ya matangazo ya vifo.

Alicheka hadi akaketi kwenye ndoo ya rangi. Alifuta miwani, akaanza tena nilipomtajia paka. Sikukasirika. Kisha akauliza ni nani hasa anayebatizwa. Nikamwambia habari ya jiwe la nusu mteremko. Akaacha kucheka.

Akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa. Mwani wa kijani huota pale klorini inapokosekana. Nilipochomoa mashine niliufungulia lango, nilipotia magadi niliulinda, nilipotia maziwa niliupikia. Mashine peke yake sasa haiwezi, imechelewa. Leo saa tisa: asidi, pampu ikizunguka. Jioni jua likiondoka: klorini ya unga, nyingi, maana jua huila. Asidi na klorini visikutane mkononi hata siku moja. Kesho asubuhi: shabu, ile ile ambayo watu wa zamani walisafishia maji ya kunywa, halafu pampu izimwe ili uchafu utue chini kama blanketi. Mchana: fyonza blanketi lote, litupe nje. Mashine: IWASHWE. Alipiga mistari miwili.

Akasema kesho ana sala ya Ijumaa. Akishasali atakuja mwenyewe na sanduku la matone.

Nimefuata karatasi kama Zaburi. Asidi na fuvu lake, glavu mpaka kwapani. Hakuna aliyekufa. Nimechomeka mashine. Taa ya kijani ikawaka. Kijani pekee ninachokitaka.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika haraka na kwa siri, jua limezama na Roda hataki kalamu ndani ya Sabato.

Asubuhi ukijani umekufa! Maji ni ya kijivu, kama yaliyooshewa mchele. Nimetia shabu, nimezima pampu, nimeketi kwenye kiti nikiangalia uchafu ukishuka. Polepole. Nimewahi kuona mikutano ya chifu yenye mwendo zaidi. Saa saba blanketi limetua chini, nene, na juu yake maji yameanza kuwa maji. Nikaandaa bomba la kufyonza. Nikawasha pampu.

Stima ikapotea.

Manga nzima. Kijiji kizima kikasema "aaa" kwa pamoja. Nimepiga simu, nikaambiwa mafundi wako njiani. Njia gani, hawakusema.

Saa nane. Saa nane unusu. Blanketi liko chini, na ukilitikisa kidogo linapanda kama moshi. Roda yuko jikoni, anachambua mboga za managu ambazo nilimwona ameshazichambua. Nikatoka nikaketi kwenye ngazi ya bwawa. Nilimwambia Mungu kwamba mimi na yeye hatujuani sana lakini mke wangu anamfahamu vizuri.

Nikasikia gurudumu likilia. Juu ya njia ya miguu, Bosire anasukuma toroli. Juu ya toroli kuna pampu yake ya petroli, ile ya kunyonya tope la dimbwi la samaki. Anatoka jasho, anatukana mawe.

Nilimuuliza amekuja kucheka karibu zaidi? Akasema nimshikie bomba ninyamaze. Akasema hafanyi haya kwa ajili yangu, mimi angeniacha nizame na sahani yangu. Akasema mke wake Edinah alipougua, ni Roda aliyempikia uji miezi mitatu, na magoti yale yale yakipanda kilima. Akasema jana alishuka kwenye kingo za dimbwi lake kutandika nyasi, akateleza mara mbili, yeye na miguu yake mizima. "Nitamwangaliaje dada yangu akitambaa kwenye tope langu, Alfayo?"

Sikupata utani. Miaka sabini nimekuwa na utani kwa Bosire kila siku, leo mfuko mtupu.

Tumefyonza. Yeye anashika pampu, mimi naongoza bomba chini, taratibu, kama unamnyoa mtoto. Uchafu wote umeenda kwenye migomba yangu. Mwani, maziwa, magadi. Migomba imefurahi. Tukajaza bwawa kwa maji ya tangi.

Saa kumi Istarlin akafika na bodaboda, sanduku magotini. Tone la kwanza: jekundu hafifu, safi. Tone la pili: manjano, kali sana bado. Akasema mtu asiingie leo. Kesho hadi alasiri jua litakuwa limeipunguza, nipime tena, iwe manjano ya limau lililopauka. Nikamwambia kesho kazi hairuhusiwi hapa. Akasema jua halishiki Sabato, na tone moja si kazi. Roda amempa managu na ugali, wamekaa jikoni wanacheka. Najua wananicheka mimi. Niliwaacha.

Jua likigusa kilima, Mchungaji ametosa sahani. Bila uzi. Bosire mwenyewe alinikagua mifuko. Sahani imeshuka, ikayumba, ikatua chini. Mchungaji akasema maua matano. Akasema majani mawili. Akasema na tundu moja pembeni lililotobolewa na mwenye dhambi.

Jua likazama. Papo hapo jani la mgomba likaanguka juu ya maji. Nikachukua wavu. Bosire akanishika mkono: Sabato imeingia. Jani litalala.

Namshukuru Bosire. Nimeandika. Sitarudia.

Jumamosi, 15 Novemba, baada ya jua kuzama

Stima ilirudi usiku. Mashine ikawaka yenyewe. Alasiri nikapima, kama nilivyofundishwa: manjano ya limau lililopauka.

Walikuja wengi, na nyimbo. Tisa walijipanga kwa majoho. Roda alikuwa wa mwisho kwa sababu ya mwendo. Mokeira alikuwa kwenye simu, na safari hii niliielekeza kwenye maji ya kweli. Akasema, Baba, leo hakuna ndege. Kumbe alijua!

Roda akampa Bosire fimbo yake. Akashika chuma. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Maji yalimpokea kiunoni na nikaona magoti yanasahau umri. Mchungaji akasema maneno. Akamlaza. Maji yakamfunika, na maji yalikuwa safi kiasi kwamba niliuona uso wake chini yake, macho yamefumbwa, anatabasamu. Mtu anayezamishwa na anatabasamu!

Akainuka. Watu wakaimba. Nilikuwa nimeshika taulo na nililowesha taulo hilo kabla halijamfikia. Klorini huuma macho.

Mchungaji akauliza kama kuna mwingine. Kanisa zima likageuka kunitazama. Hata paka mmoja. Nikasema nimelowa vya kutosha wiki hii, waulize mwaka ujao.

Nilipokuwa nampangusa, Roda akaniinamia sikioni. Akasema wiki nzima redio ilikuwa safi na maji machafu. Leo mchana redio chafu na maji safi. Akauliza kama namwona mjinga.

Nikaeleza mvua. Akasema, "Alfayo." Hajaniita Alfayo tangu tulipooana.

Nikakiri. Kisha akasema nimeharibu maji yake kwa siku nane na kuyatafuta kwa siku tano, na kwamba hakuna mwanamume mwingine Manga ambaye angemtobolea mkewe sahani. Akasema asante. Kwa kila kitu, hata kwa jiwe la nusu mteremko. Halafu akanishikisha Biblia niape sitaigusa tena ile mashine.

Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote. Mbuya mono, Nyasae, asante sana Mungu. Mbuya mono.

Jumapili, 16 Novemba

Namshukuru Mungu nimeamka mtu mpya.

Maji ni bluu. Jani la Ijumaa nimelitoa kwa heshima. Roda ametembea humo ndani nusu saa nzima akiimba peke yake, sasa amelala, magoti juu ya mto.

Bosire amekuja kuchukua toroli. Amelalamika kwamba samaki wake wamezubaa, maji ya dimbwi yamekuwa mazito. Nina deni la shukrani kwa huyu mtu, na sasa nina ujuzi. Nimemwambia siri bila choyo: magadi kidogo, na baada ya siku mbili maziwa lala. Kidogo tu. Mimi nilizidisha. Ameniangalia kwa namna. Ameenda bila kuaga. Wivu wa elimu.

Saa saba na dakika tano. Redio inakwaruza kama kuku kwenye bati. Mtangazaji amesema kuna mzee amefariki, wa karibu na Nyamira mjini, aliyekuwa mchezaji hodari wa mpira ujanani, jina lake Mzee krrrr, baba yake krrrr. Huyo lazima namjua! Huenda ni Okemwa! Kama ni Okemwa, alinipiga kiatu mwaka wa sitini na nane, na sitaki nikose mazishi yake.

Kiapo kilisema nisiiguse mashine. Waya si mashine.

Nimechomoa. Dakika kumi tu, matangazo yaishe. Kofia nimeitundika mahali pake. Sauti sasa ni safi kabisa, wanasoma majina polepole, kiti ni laini, jua ni zuri, na mke wangu anakoroma dirishani kama malaika aliyechoka. Macho yangu yanafumba yenyewe. Nitairudisha. Nikiamka.

Naona kama kuna ukijani kidogo kwenye ile kona ya ngazi. Ni kivuli cha mgomba. Namshukuru Mungu kwa kivuli.